Mtoto anayeonewa masomoni: tumfundishe kusimama, si kulipiza

Somo la kipindi cha jamaa
Maandiko ya kusoma: Matendo ya Mitume 23:12-22, Yoane 18:19-23, 1 Samweli 17:28-40

Tunawasalimia ninyi wa Kirumba, wa Kayna na wa Kaseghe, ninyi wa Lubero, na jamaa zetu ambao vita iliwasukuma mpaka Butembo na Beni na ambao wangali huko. Tunawaomba wazazi mwite watoto wakae karibu, kwa maana somo hili ni lao pia.

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo watu wengi wanalidharau. Wanasema, "Ni michezo ya watoto tu, yatapita." Ni jambo la mtoto anayeonewa na watoto wenzake: anachekwa kila siku, anapigwa njiani, ananyang'anywa biki na kaye, anapewa jina la haya mpaka anasahau jina aliloitiwa siku ya kubarikiwa kanisani. Na tutajibu ulizo ambalo wazazi wawili watatu walituletea: Je, ni halali mtoto wa Mkristo ajifunze judo au karate, ili asiendelee kuonewa?

Kabla ya kujibu, tunapaswa kwanza kuungama kosa letu sisi wenyewe, sisi tunaofundisha watoto siku ya yenga.

Kosa tulilolifanya

Miaka michache iliyopita, kabla vita haijafika hapa kwetu, tulimpokea katika kalasi yetu ya watoto kijana mmoja wa miaka 11. Mama yake alikuwa amekimbia vita upande wa Rutshuru, na watoto watatu na mizigo kidogo. Mnajua baridi ya Kirumba wakati wa mvua. Kijana yule hakuwa na koti. Mama yake alimfunika blangeti waliyogawiwa wakimbizi, akaifunga kwa kamba kiunoni, akamtuma masomo. Siku ile ile watoto wakamwita Blangeti. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Ilianza na kicheko. Halafu wakaanza kumwangusha kwenye matope. Halafu kwenye robine ya maji wakawa wanaondoa bido lake kwenye mustari na kulirudisha nyuma, mpaka anafika nyumbani giza limeingia na mama anamgombeza. Mwishoni kijana mmoja mkubwa alimwamuru alete franka 200 kila asubui kusudi apite njia.

Alituambia. Wapendwa, hili ndilo linalotuchoma mpaka leo: alituambia. Alikuja kisha ibada, akasimama pembeni ya mlango, akasema yote. Sisi tukamjibu haraka, kwa maana tulikuwa tunataka kuenda kula. Tukamwambia, "Samehe, mtoto wetu. Geuza shavu la pili. Tutakuombea." Tukaweka mikono juu ya kichwa chake, tukaomba kwa sauti kubwa, tukamwacha aende. Tuliona kama kazi imekwisha.

Kisha majuma matatu mama yake alikuja kwetu akilia. Kijana hakuwa anaenda masomo tena. Alikuwa anatoka asubui na kaye zake, anaenda kushinda kwa watu wanaofyatua matofali. Mama alipomkaripia alijibu neno moja: "Afadhali niende porini kwa wenye bunduki. Mtu mwenye bunduki hakuna anayemcheka."

Ninyi mnaosikia mnajua neno lile lina maana gani katika inchi yetu. Katika Kivu hii, mtoto anayetafuta mahali pa kuheshimiwa hatembei mbali kabla ya kukutana na mtu wa kumpa silaha. Tumekwisha kuwaona makadogo wangapi? Na wangapi kati yao walianza na haya waliyopewa masomoni na njiani, wakati watu wazima walikuwa wanasema yatapita?

Kisha tulipochunguza, tulikuta kwamba watoto wawili kati ya wale waliomtesa walikuwa waimbaji wa korali yetu ya watoto. Siku ya yenga walikuwa wanasimama mbele na nguo nyeupe. Hatukujua, kwa sababu hatukuuliza.

Shavu la pili maana yake nini?

Tulimpa kijana yule neno la Bwana, lakini tulimpa nusu. Tusome vizuri. Katika Matayo 5:39 Bwana anatukataza kulipiza uovu kwa uovu. Neno hilo ni amri, na hatutaliondoa. Lakini tutazame namna Bwana mwenyewe alivyolitimiza. Katika Yoane 18, alipokuwa mbele ya kuhani mkubwa, askari mmoja alimpiga kofi. Je, Yesu alinyamaza? Hapana. Je, alirudisha kofi? Hapana. Alisimama, akamtazama, akamwuliza sababu ya kumpiga: kama alisema vibaya, ubaya ushuhudiwe, kama alisema vizuri, kofi ni la nini? Mikono yake ilikuwa imefungwa, lakini kinywa chake kilisimamia kweli. Hakuogopa, na hakuwa na chuki.

Tazama tena mtume Paulo. Pale Filipi alipigwa fimbo bila hukumu, na kesho yake alikataa kutolewa kimyakimya. Alidai wakubwa waje wenyewe. Katika Matendo 22 alipokaribia kupigwa mijeledi, alisema haki yake ya raia wa Roma. Paulo alisamehe watu wengi, lakini kusamehe hakukumzuia kusema, "Jambo hili si halali."

Basi kumfundisha mtoto kugeuza shavu, bila kumfundisha kusimama na kusema, ni kumfundisha woga na kuuita woga ule utakatifu. Upole si uzaifu. Mtu mpole ni mtu mwenye nguvu ambaye nguvu zake zimefungwa lijamu, kama farasi. Mezali 16:32 inamweka mtu anayetawala roho yake juu kuliko shujaa anayekamata muji. Lakini mtu hawezi kutawala nguvu ambazo hana.

Mtoto mdogo wa Japani

Sasa tufike kwa judo na karate. Wengi wanazifahamu kwa njia ya filme tu, ambapo mtu mmoja anaangusha watu makumi. Asili yake ni nyingine, na inafaa kujulikana.

Katika mwaka 1860 alizaliwa huko Japani mtoto anayeitwa Jigoro Kano. Alikuwa na akili sana masomoni, lakini mwili wake ulikuwa mdogo na mzaifu. Vijana wakubwa katika masomo aliyolala walimpiga na kumtesa. Alitafuta wazee waliojua mieleka ya zamani ya inchi yao, akawabembeleza wamfundishe. Alipokomaa, aliondoa katika mieleka ile mambo ya kuvunja na kuua, akapanga mchezo mpya, akafungua masomo yake mwaka 1882. Akauita judo, maana yake njia ya upole. Mchezo ambao leo unachezwa dunia nzima ulitengenezwa na mtu aliyeonewa akiwa mtoto. Na kati ya misingi aliyouwekea kuna huu: mimi na mwenzangu tuendelee pamoja, wote wawili tupate faida.

Mtoto anapoingia judo, jambo la kwanza analofundishwa ni kuanguka. Anafundishwa kuanguka nyuma, kuanguka upande, kupiga chini kwa mkono kusudi kichwa kisiumie, na kusimama tena. Kumwangusha mwingine kunakuja nyuma. Katika karate, mazoezi ya mfululizo ambayo wanaita kata yanaanza mara nyingi na tendo la kuzuia, si la kupiga.

Inamsaidia mtoto namna gani?

Kisha mama yule kulia kwetu, tulimwendea ndugu mmoja wa kanisa anayefundisha vijana michezo hii katika lupango lake. Tulimwomba ampokee kijana bila kulipa. Tutawaambia tuliyoyaona, kwa maana hatukuwa na imani nayo mwanzoni.

Kwanza, mwili wake ulibadilika kabla ya ngumi zake. Mtoto anayeonewa anatembea ameinama, anatazama chini, sauti yake haitoki. Watesaji wanatafuta mtoto wa namna hiyo, kama mbwa anavyomfukuza anayekimbia. Metre alimfundisha kusimama miguu imeachana kidogo, mabega yamelegea, macho yanatazama mbele. Akamfundisha kusema kwa sauti inayotoka tumboni: "Acha! Sitaki!" Siku ya kwanza sauti yake haikusikika mpaka mlangoni. Kisha mwezi mmoja jirani wa lupango alikuja kuuliza ni nani anayelia.

Jambo hili si la kwetu tu. Kule Nairobi, katika mitaa ya maskini, kulifanywa mafunzo ya namna hii kwa wasichana wa masomo, kuwakinga na watu wanaotaka kuwanajisi. Walifundishwa kwanza kutambua hatari, kusema hapana kwa sauti, na kukimbia. Kupiga kulikuwa la mwisho kabisa. Watafiti walipowauliza baadaye, zaidi ya nusu ya wasichana wale walisema mafunzo yaliwasaidia kuzuia tendo baya. Wazazi wenye binti, msikie neno hili.

Pili, alijifunza kuvumilia hasira. Mtoto anayeonewa ana moto ndani. Moto ule usipopata njia unamla mwenyewe au unachoma nyumba ya mwingine. Katika mazoezi anashikwa, anavutwa, anaangushwa, lakini anapaswa kupumua na kumsalimia mwenzake mwishoni. Kila siku anarudia kuanguka bila kuchukia.

Tatu, alipata mahali. Pale hakuna Blangeti. Kila mtu aliitwa jina lake, na mdogo alisaidiwa na mkubwa. Huko Goma, tangu mwaka 2014, shirika la UNICEF pamoja na ubalozi wa Brazili na wengine walianzisha mchezo wa capoeira kwa watoto waliotoka katika vikundi vya silaha. Watoto ambao vikundi vyao vilikuwa vinapigana porini waliingia katika duara moja, wakapiga ngoma, wakarusha miguu bila kumgusa mwenzao. Mtoto aliyezoea kuumiza anafundishwa kuzuia mguu wake usiumize. Hilo si jambo dogo.

Nne, alipata mtu mzima anayemwona. Metre alikuwa anamtazama uso kila mara anapoingia. Akiona jeraha, anauliza. Wapendwa, hiyo ndiyo kazi ambayo sisi tungeifanya siku ile mlangoni mwa kanisa.

Lakini tusidanganyane

Hatutaki mtu aseme kwamba radio imesema karate ni dawa ya uonevu. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza: mtoto aliyeonewa anaweza kuwa mwonevu. Kijana wetu, kisha miezi miwili ya mazoezi, alimwangusha mtoto mdogo kuliko yeye kwenye robine, akamwondolea bido lake kwenye mustari. Alifanya kile kile walichomfanyia. Metre hakucheka. Alimwondoa katika mazoezi majuma mawili, akamtuma kila jioni aende kumbebea yule mdogo maji mpaka kwao. Kijana alilia, lakini alienda. Bila nizamu ile, tungekuwa tumetengeneza mtesaji mpya mwenye ujuzi.

Dan Olweus wa Norwe, mmoja wa wataalamu wa kwanza duniani waliochunguza uonevu wa masomoni, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 2005 kwamba vijana walioingia michezo ya nguvu, kama ngumi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya kupigana ya Asia, walizidi katika ujeuri kuliko wengine. Basi mchezo peke yake haumtakasi mtu. Ukifundishwa na mtu anayependa kupigana, utazaa wapiganaji. Ukifundishwa pamoja na heshima, unaweza kuzaa watu wa amani.

La pili: hata metre anaweza kuwa mtesaji. Wengi mnalijua jina la Popole Misenga, mtoto wa Bukavu. Alikuwa na miaka 9 vita ilipomtenga na jamaa yake. Alitangatanga msituni siku 8 mpaka alipookotwa na kupelekwa Kinshasa. Huko, katika kituo cha watoto waliopoteza jamaa, alijifunza judo, na mwenyewe ameshuhudia kwamba judo ilimpa utulivu na nizamu. Mwaka 2013 alienda Brazili kwa mashindano ya dunia pamoja na dada Yolande Bukasa Mabika, naye wa Bukavu, nao wakaomba ukimbizi kule. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa kati ya wanariadha 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika michezo ya Olimpiki ya Rio, na Popole akashinda pambano lake la kwanza. Tunamshukuru Mungu. Lakini wamesimulia pia kwamba hapo nyuma, waliposhindwa katika mashindano, wakufunzi wao waliwafungia. Mchezo ule ule ulikuwa msaada mikononi mwa mmoja na kifungo mikononi mwa mwingine. Basi, mzazi, usitazame rangi ya mkaba tu. Tazama moyo wa anayeuvaa.

La tatu: mtoto hawezi kubeba peke yake mzigo wa watu wazima. Je, mnajua nini kilichomaliza zile franka 200? Si judo. Wazee wawili wa kanisa walienda kwa dirketa wa masomo. Halafu wakaenda nyumbani kwa yule kijana mkubwa, wakaketi na baba yake. Ikaonekana kwamba kijana yule naye alikuwa anapigwa nyumbani kila baba anaporudi na pombe, na alikuwa anatafuta pesa ya chakula. Tulipata watoto wawili wa kuhurumia badala ya mmoja. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inamlinda mtoto na matendo ya kumwumiza. Haisemi ajilinde mwenyewe. Tangu shule ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019, kalasi nyingi zimejaa sana, na mwalimu mmoja hawezi kuona kila pembe. Ndiyo sababu wazazi na kanisa tunapaswa kuongeza macho.

Na mambo ya roho?

Ndugu wengine walitupinga, na tunawaheshimu. Walisema michezo hii inatoka kwa wapagani, kwamba kuinama ni kuabudu, na kwamba wengine wanatafuta dawa na hirizi wasipigwe. Kwetu hapa, ambapo tumeona vijana wanachanjwa na kunyunyiziwa maji wakiambiwa risasi haitawaingia, hofu hiyo si ya bure.

Tunajibu hivi. Kuinama kwa salamu si kuabudu. Hata sisi tunamwinamia mzee na kumpa mkono kwa heshima. Lakini ikiwa metre anawaamuru watoto waite roho, wapige magoti mbele ya sanamu, wavae hirizi au wachanjwe, mtoto wako atoke siku ile ile, wala usirudi kuuliza. Ikiwa ni kuanguka, kusimama, kushika na kusalimia, ni mazoezi ya mwili. Paulo katika 1 Timoteo 4:8 hakusema mazoezi ya mwili ni zambi. Alisema faida yake ni ndogo kando ya utauwa. Basi tuyape nafasi ndogo ile, na utauwa nafasi kubwa. Na mzazi ambaye zamiri yake inakataa, asilazimishwe wala asihukumiwe. Yale mambo manne tuliyoyataja yanaweza kupatikana pia katika korali, katika mpira, katika chama cha watoto, mradi pawe na mtu mzima anayeona.

Tukumbuke Daudi. Kabla ya Goliati, aliyemdharau kwanza alikuwa Eliabu, kaka yake wa tumbo moja. Daudi hakumpiga kaka yake; aliuliza kosa lake ni nini, akageuka. Halafu Saulo akamvika silaha zake, naye akazivua kwa sababu hakuzizoea. Alichukua kile alichojizoeza siku nyingi peke yake na kondoo. Ujasiri wake ulitoka kwa Bwana, lakini mkono wake ulikuwa na mazoezi. Mambo hayo mawili hayagombani.

Mtoto aliyesikilizwa

Sasa tufungue Matendo 23. Watu zaidi ya 40 walikula kiapo wasile wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Nani aliyevunja shauri lile? Kijana, mtoto wa dada ya Paulo. Alisikia, akaenda kusema. Paulo hakumwambia, "Usichongee watu." Alimtuma kwa mkubwa wa askari. Na yule mkubwa, mtu wa mataifa, asiyejua Maandiko, alifanya nini? Alimshika mkono kijana, akaenda naye pembeni, akamwuliza ana neno gani la kumwambia. Kisha hakusema "tutaona." Usiku ule ule alitoa askari 470 wamlinde Paulo.

Tulipolisoma neno hili tulipata haya. Kijana wetu alikuja kwetu na neno lake, na hatukumshika mkono. Mpagani alimsikiliza mtoto kuliko sisi wenye Roho Mtakatifu.

Tufanye nini basi?

Mzazi, kila jioni usimwulize mtoto tu, "Umepata ngapi?" Uliza pia, "Leo ulikaa na nani? Nani alikusumbua? Ni nani aliyeonewa, na wewe ulifanya nini?" Ukiona kaye zinapotea, tumbo linauma kila asubui, mtoto anabadilisha njia, jua kwamba kuna jambo.

Kama unataka kumtuma kwa judo au karate, nenda kwanza wewe. Keti pembeni, tazama mazoezi mawili mazima. Metre anawatukana watoto? Anawapiga? Mdogo anapewa mwenzake wa kimo chake, au anatupwa kwa mkubwa acheke watu? Wasichana wanaheshimiwa, na mlango uko wazi? Mtoto akipigana njiani, metre anafanya nini? Na mchezo umefungamana na watu wa silaha, ndiyo au hapana? Hilo la mwisho msilipite.

Na kama hakuna pesa wala metre, anza nyumbani, mahali penye majani. Mfundishe mtoto kusimama na kutazama mbele. Mfundishe kusema "Acha! Sitaki!" bila tusi na bila kutetemeka. Mfundishe kuondoka kuelekea mahali penye watu. Mfundishe kuanguka bila kuumia, na kusimama. Mwambie pia: mtu mwenye silaha hafanyiwi mazoezi, kwake unatoa kitu, unatii, unaokoa maisha yako. Halafu mfundishe kuja kusema, na siku atakayosema, acha unga kwenye sufuria, umshike mkono.

Watoto mnaosikia: kumwambia mtu mzima si uchongezi. Na wewe unayemcheka mwenzako, msikie habari hii. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024 vita ilipita Kanyabayonga, ikafika Kirumba. Sisi tuliokuwa tunapokea wakimbizi, tukawa wakimbizi. Watoto wetu waliomcheka mwenzao kwa ajili ya blangeti walifika Butembo wakiwa na blangeti. Na huko nao walichekwa. Mmoja wa wale waimbaji wa korali alitutafuta akalia, akasema, "Sasa najua."

Na kijana yule? Vita ilimsukuma tena na mama yake. Habari ya mwisho tuliyopata kwa simu ni kwamba wako upande wa Beni, na kwamba anasoma. Mama alisema kuna watoto wapya waliofika kutoka vijijini, na yeye ndiye anayewafundisha kuanguka nyuma ya nyumba, kwenye majani. Kisha mazoezi anawauliza majina yao.

Tumwombe Mungu.

Baba wa mbinguni, utusamehe kwa kila mtoto aliyekuja kwetu na neno lake, nasi tukamrudisha na maombi mafupi. Fungua masikio yetu. Uwape watoto wetu miguu ya kusimama, kinywa cha kusema kweli, na moyo usiolipiza. Wale wanaowaonea wenzao, uwaguse, na uponye nyumba wanakotoka. Zuia mkono wa kila anayewatafuta watoto wetu kwa vita. Uwarudishe waliotawanyika, na uwape walimu na wametre wanaokuogopa. Katika jina la Yesu. Amina.

Wapendwa, karatasi hii ukiisha kuisoma, usiifungie maandazi. Mpe jirani mwenye mtoto masomoni. Tutasikilizana tena siku ya yenga. Amani ya Bwana ikae nanyi.